Mashine Ikitikisika, Usikimbilie Spana



Wanaofuata ukurasa huu wajua kwamba mazungumzo yetu ni ya vyombo vya kila siku: taa, pampu, baiskeli, cherehani. Leo ni zamu ya injini, na hasa ile tabia yake ya kutikisika. Pengine wasema, "Injini isiyotikisika iko wapi?" Ni kweli. Lakini hapa Kigombe mtikisiko wa injini moja ulitufanya tumwite kijana mwema mwizi, na mkono ulioliandika jambo hilo kitabuni ni huu wangu. Basi nitaanza na aibu hiyo, kisha tuifungue injini, maana bila ya hiyo moja hutaielewa nyingine.

Kigombe iko pwani, katika njia ya kutoka Tanga kwenda Pangani. Upande mmoja ni bahari, upande wa pili ni mkonge. Sisi Wakatoliki wa hapa si wengi, na wengi wetu ni watoto na wajukuu wa watu waliokuja zamani kukata mkonge. Kigango chetu kina mashine ya kusaga. Akina mama ndio walioinunua kwa kuchangishana, debe kwa debe, na mapato yake humlipa kijana anayeiendesha, na kinachobaki husaidia wagonjwa na ada za shule za mayatima. Injini yake ni ya dizeli, silinda moja, ya kulala, nguvu za farasi 12. Ni ile mwionayo vijijini kote, yenye maji juu yanayochemka kama sufuria ya uji.

Mwaka juzi mwezi wa Mei injini ile ilianza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Tukamwita fundi kutoka nje ya kijiji. Akaifungua yote, akabadili ringi na beringi, akaifunga. Ilipozungushwa iliwaka mara moja. Moshi ulikuwa safi, nguvu zimerudi. Tukamlipa, tukamshukuru, akaenda zake. Jioni ile ile kijana wetu aliniambia, "Mwalimu, mashine inaruka." (Huniita Mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu, ingawa kazi yangu sasa ni ukarani wa parokia.) Nikamjibu, "Vyuma ni vipya, itatulia."

Haikutulia. Mwezi wa Juni bolti moja inayoishika injini kwenye zege ililegea. Tukaikaza. Ikalegea tena, kisha ikakatika shingo. Tukanunua nyingine nene kuliko ya kwanza. Mwezi wa Julai zege yenyewe ilipasuka, ufa ukaenda kutoka tundu la bolti hadi ukingoni. Hapo ndipo mimi nilipotoa shauri, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma: vunjeni hiyo, mwageni zege nzito zaidi. Tukatumia mifuko 4 ya saruji. Mwezi wa Agosti dizeli ikaanza kupungua. Kila juma zilikosekana lita 3 au 4 ambazo hesabu ya madebe yaliyosagwa haikuzieleza.

Kamati ikaketi. Kijana akaulizwa. Akasema kwamba bomba la dizeli lavuja, naye amelipaka sabuni. Tukatoka pamoja kwenda kutazama. Injini imezimwa, bomba kavu, chini hakuna kitu ila vumbi la pumba. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Sabuni yaonekana, dizeli haionekani." Watu wakacheka. Nami nikaandika: "Dizeli lita 14, imepotea mikononi mwa mwendeshaji." Kijana akaondolewa kazini. Mama yake hakusema neno, ila hakuja tena kusagisha kwetu. Akawa anatwanga nyumbani kwa kinu na mchi, na nyumba yake haiko mbali na mashine, kila mpita njia alimsikia.

Sasa tuiache kamati hapo, tuingie ndani ya injini.

Injini hizi za dizeli za kusagia, na pikipiki nyingi za siku hizi, ni za mapigo manne. Vijana huziita fostroki. Pigo la kwanza pistoni huvuta hewa. La pili huibana hewa ile mpaka iwe moto sana. La tatu mafuta hunyunyizwa, yakawaka, yakaisukuma pistoni kwa nguvu. La nne pistoni hurudi ikitoa moshi. Aliyeifanya injini ya namna hii ikafaa kazini ni Mjerumani Nikolaus Otto, mwaka 1876. Na Rudolf Diesel, mwaka 1897, akaonyesha ya kwake inayowasha mafuta kwa joto la kubanwa tu, pasipo plagi. Ndiyo maana mpaka leo twayaita mafuta yale kwa jina lake.

Tazama basi hesabu ya nyumba hiyo. Katika mapigo manne, moja tu ndilo linaloleta chakula, matatu yanakula. Ni kama baba mmoja alimaye na watoto watatu wangojao kwenye jamvi. Nyumba ya namna hiyo yahitaji ghala, na ghala ya injini ni lile gurudumu zito, flaiwili. Hupokea nguvu za pigo lile moja, na kuyagawia yale matatu. Wazee watazikumbuka injini za Lister zilizotoka mji wa Dursley, Uingereza, zenye magurudumu mawili makubwa ubavuni. Ile ya nguvu za farasi 6 ilikwenda mizunguko 650 tu kwa dakika, yaani milipuko 325, ukisimama mbali wadhani waweza kuihesabu. Ilikuwa nzito na taratibu, na mimi nikisikia watu wakiisifu sishangai.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mtikisiko: nguvu haziji kama maji ya bomba, huja kwa vishindo. Sababu ya pili ni kali zaidi, na wengi hawaijui. Simama ndani ya mtumbwi usiofungwa, kisha jirushe kwenda mbele. Mtumbwi utarudi nyuma. Hukuupiga teke, hukuusukuma kwa pondo. Umeusukuma kwa kwenda kwako tu. Pistoni ndivyo ifanyavyo. Huenda, husimama, hurudi, husimama, na kila inapogeuzwa mwili wa injini husukumwa upande wa pili. Katika injini kama yetu pistoni husafiri milimita 115 kwa kila pigo, na krenki huzunguka mara 2,000 kwa dakika. Nilifanya hesabu nyuma ya daftari. Kila kilo moja ya chuma kiendacho na kurudi hutoa msukumo upatao uzito wa kilo 250. Hayo ni magunia mawili na nusu ya mahindi, yanayorushwa mbele na nyuma mara 33 kwa sekunde moja, na hiyo ni kwa kilo moja tu ya chuma. Nilipoiona hesabu hiyo niliacha kushangaa kwamba bolti zilikatika. Nilishangaa kwamba nyingine zilibaki. Tena ujue kwamba ukipunguza mizunguko ikawa nusu, msukumo huu haupungui nusu, hupungua hata kuwa robo. Kwa hiyo injini inayopigiwa kelele kwa kutikisika yaweza kuwa haina kosa jingine ila kuendeshwa mbio kuliko ilivyoamriwa.

Waundaji walijua hayo tangu zamani. Huweka uzito kwenye krenki, upande ulio kinyume na pistoni, ili pistoni ikienda mbele uzito uende nyuma. Lakini pana shida: pistoni huenda mbele na kurudi tu, na uzito ule huzunguka. Ukiwa mbele au nyuma, wasaidia. Ukifika juu au chini hauna wa kushindana naye, basi nao huanza kuirusha injini juu na chini. Ukiweka uzito mwingi umeuhamisha ugonjwa tu kutoka mguuni kwenda mkononi. Kwa hiyo katika injini ya silinda moja waundaji huridhika na kiasi cha katikati, na mtikisiko fulani hubaki siku zote. Huo si ugonjwa, ndiyo tabia yake ya kuzaliwa.

Iko dawa kamili zaidi. Hutiwa ndani ya injini shafti mbili ndogo, kila moja ina uzito upande mmoja, zikazunguka kinyume moja na nyingine. Moja ikipanda, nyingine hushuka, zikanyamazishana. Lakini kwenda mbele na nyuma zote mbili huenda pamoja, na kuishikilia injini wakati ule ule pistoni inapoisukuma. Mwingereza Frederick Lanchester alizitumia shafti za kusawazisha katika injini za motokaa mwanzoni mwa karne ya 20, na leo injini nyingi za dizeli za kulala zitokazo China zinazo. Yetu ilikuwa nazo. Sisi hatukujua.

Sasa, shafti hizi huendeshwa kwa gia, na kwenye meno ya gia mna alama ndogo zilizogongwa kiwandani. Fundi afungapo gia hapana budi alama zitazamane. Gia ya kamshafti ikikosewa, valvu hufunguka wakati usio wake, na injini hukataa kuwaka au huwaka kwa shida; kosa lajitangaza lenyewe. Lakini gia ya shafti ya kusawazisha ikikosewa, injini huwaka vizuri, nguvu zipo, moshi ni safi, na kila mtu hushukuru. Ila ule uzito uliowekwa kuipinga pistoni huja umechelewa au umewahi.

Turudi kigangoni. Mwezi wa Septemba alipita mzee mmoja aliyekuwa fundi wa korona katika mkonge. Asiyejua, korona ni ile mashine inayokwangua jani la mkonge hadi ibaki katani. Na mkonge wenyewe uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, akaupanda huko Kikogwe, karibu na Pangani. Ngoma ya korona ni nzito na yenda mbio, ikiwa na uzito upande mmoja haitakuacha ulale. Mzee alikuwa amekuja kununua unga tu. Akasimama mlangoni akisikiliza, akaweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa injini na mpini sikioni, kama daktari. Nikadhani ataomba spana. Akaomba kitabu cha hesabu.

"Soma, Karani. Bolti ya kwanza mlinunua lini?"

"Juni tarehe 3, Mzee."

"Na kabla ya hapo?"

Nikafunua nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, mwaka na zaidi. Mkanda, oili, chekecheke, dizeli. Hapakuwa na bolti hata moja.

"Na injini ilifunguliwa lini?"

"Mei 27."

Akanitazama tu. Kitabu kile nimekiandika mwenyewe, kila mstari, na sikuwa nimekisoma.

Akaamuru injini izimwe, mkanda utolewe, kisha iwashwe peke yake pasipo kinu. Bado iliruka vilevile. Basi kosa haliko kwenye kinu wala kwenye puli, liko ndani ya injini. Kisha akanipa karatasi nyeupe, akaniambia niishike chini ya bomba la dizeli, mbali na mkanda na gurudumu, injini ikiwa inakwenda. Punde karatasi ikaota madoa. Bomba lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, karibu na nati. Injini ikikaa kimya, ufa hujifunga. Ikitikisika, hufunguka, na dizeli hudondoka juu ya pumba, zikainywa. Tulipokwenda kutazama na kamati injini ilikuwa imezimwa. Nilikunja karatasi ile nikaitia mfukoni. Sikuweza kusema kitu mbele ya mzee.

Fundi mwingine alipofungua kifuniko cha gia tuliona shafti moja ya kusawazisha imefungwa meno 7 mbali na alama yake. Kazi ya nusu siku. Tulipoiwasha tena niliweka bakuli la maji juu ya zege. Maji yalifanya viduara vidogo tu, hayakumwagika. Simlaumu sana fundi wa kwanza. Ringi zake zinafanya kazi hata leo. Tulimlipa pale pale bila kuisikiliza kazi yake, na kijana aliposema nilimnyamazisha mimi.

Basi, msomaji, mashine yako ikianza kutikisika kuliko ilivyokuwa, swali la kwanza si "bolti gani imelegea?" bali "ilianza lini, na siku hiyo palifanyika nini?" Bolti iliyolegea mara moja, ikaze. Ikilegea mara ya pili, hiyo imetumwa kukuletea habari; ukiikaza tena bila kuuliza umemziba mdomo mjumbe. Na zege? Zege nzito ni njema, injini ya kusagia hapana budi ikae juu ya zege, tena pasipo pengo chini ya miguu yake, maana mguu mmoja ukining'inia bolti itaupinda. Lakini zege haiondoi msukumo, huuzuia tu usionekane. Tulipomwaga mifuko ile minne injini iliruka kidogo kuliko mwanzo, tukafurahi, na nguvu zote zikaenda kulitafuna bomba. Vipande vya mpira wa gurudumu la gari chini ya miguu, wanavyofanya wengine, ni hivyo hivyo: huokoa sakafu, lakini injini itacheza zaidi, na mabomba magumu ya chuma yatakatika. Bomba la dizeli na lifungwe kwa kishikio, tena liwe na mzunguko mmoja mwepesi katikati, lipate kupinda.

Baada ya tarehe, toa mkanda. Injini ikitulia peke yake, kosa liko kwenye kinu. Mara nyingi ni nyundo. Nyundo za kinu huenda mbio sana, na moja ikivunjika au ikibadilishwa peke yake, upande mmoja unakuwa mzito. Badili nyundo pamoja na ile inayotazamana nayo, na kabla ya kuzifunga zipeleke dukani zipimwe kwenye mizani. Zikipishana uzito, ile nzito ipigwe tupa hata zilingane. Mwenye duka atakucheka. Mwache acheke. Tazama pia kama puli mbili ziko katika mstari mmoja. Nyosha uzi kutoka moja hadi nyingine. Na haya yote fanya injini ikiwa imezimwa na flaiwili imesimama kabisa. Akina mama, tafadhalini, kanga isikaribie mkanda, hata mkiwa mna haraka.

Injini ikitikisika peke yake, isikilize. Mlio ukiwa haulingani, mara pigo, mara kimya, basi ni uwakaji: noseli chafu, maji katika dizeli, valvu isiyofunga vizuri. Pigo moja likikosa, ghala ya flaiwili hubaki na watoto saba badala ya watatu kabla chakula kingine hakijafika. Mlio ukiwa unalingana, moshi safi, na bado inaruka, kumbuka shafti zetu.

Liko jambo jingine lishangazalo. Injini yaweza kutulia ikienda polepole, ikatetemesha madirisha yote kwa mwendo wa kati, kisha ikatulia tena mwendo ukizidi. Mtoto kwenye pembea husukumwa kidogo tu, lakini kwa wakati wake, akaenda juu sana. Ukimsukuma ovyo ovyo hafiki popote. Kila kitu kina wakati wake wa kupembea: bati la paa, tangi, ubao wa boti. Injini ikifikia wakati huo, msukumo mdogo hugeuka mkubwa. Usiiendeshe siku nzima katika mwendo huo. Pita upesi.

Ndugu wavuvi wataniuliza habari za boti. Boti husaidiwa na maji, lakini lina adui wake, nao ni mwamba. Propela ikigusa tumbawe ikamegeka ncha, mapanga yake hayalingani tena, na mtikisiko hupanda kwa shafti mpaka kwenye beringi na mbao za boti. Itoe, ivishe kwenye chuma laini kilichonyooka, uweke chuma hicho juu ya kingo mbili zilizo sawasawa, uiache izunguke yenyewe. Panga zito litashuka chini kila mara. Lipunguze kwa tupa, kidogo kidogo, upande wa nyuma, mpaka propela isimame popote uiachapo. Panga likipinda, hilo ni la fundi, tupa haitoshi. Wako watu katika nchi nyingine waundao ndege ndogo za mchezo zenye injini za kutoshea kiganjani; kampuni ya Kijapani iitwayo O.S. ilianza kuziuza za mapigo manne mwaka 1976. Nao, nimesoma, hawarushi ndege kabla ya kuipima propela namna hiyo hiyo. Mtu mzima na ndege ya mchezo hufanya hivyo. Sisi wenye roho za watu baharini twaona uvivu.

Kwa wenye pikipiki nina machache. Kazeni bolti zinazoishika injini kwenye fremu, mwambieni fundi apime nafasi za valvu, na mpira wa mikononi ukiisha uvae mwingine. Vidole vikifa ganzi baada ya safari msividharau. Mwaka 1918 daktari wa Kimarekani, mwanamke, jina lake Alice Hamilton, aliwapima wakata mawe wa jimbo la Indiana waliotumia nyundo za hewa, akaona vidole vyao vimekuwa vyeupe na kufa ganzi. Wakata mbao kwa msumeno wa injini na waangalie hilo zaidi kuliko waendesha pikipiki.

Yamebaki ya kijana. Jumapili ile baada ya Misa, katika matangazo, mwenyekiti wa kamati alisimama akaeleza habari ya bomba, na mimi nikasimama nikaeleza habari ya kitabu. Sikuufuta mstari, maana kitabu cha hesabu hakifutwi. Niliuchora mstari mwekundu, na pembeni nikaandika: "Bomba lilipasuka kwa mtikisiko. Mwendeshaji hakuchukua kitu." Nikatia sahihi, mwenyekiti akatia yake. Karatasi yenye madoa nimeibandika kwenye ukurasa huo.

Kijana alikuwa amepata vibarua vya kupakia mchanga. Alirudi, lakini kwa sharti: injini isifunguliwe tena pasipo yeye kuwapo. Tulikubali. Siku hizi fundi akija, kijana huwa na kikopo cha rangi nyeupe, na kabla gia haijaguswa yeye ametia nukta kwenye kila alama. Mama yake alikuja juma la tatu, na debe moja la mahindi. Nilimwambia, "Mama, hili lipite bure." Akasema, "La, Mwalimu. Andika." Akalipa, nikaandika.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mkanda: kwa nini huteleza, na kwa nini kuupaka oili ya zamani ni kujitafutia taabu.